Sala ya Ukucha wa Kaisari

Palikuwa na dola moja kubwa yenye baridi ya kukata masikio, ambayo jina lake tumelisahau wenyewe, kwa hiari, kabla hatujashauriwa kulisahau. Ukubwa wake ulikuwa wa kutisha: jua likichwa upande mmoja, upande wa pili maofisa ndio kwanza wanaamka kudai chai ya asubuhi. Juu yake alikaa Kaisari. Chini yake walikaa watu wengine wote. Katikati ilikaa Kamati.

Katika mji wa Zabolo, Kamati ilikuwa ni mtu mmoja, Padri Evlampi. Cheo chake kwa ukamilifu kilikuwa Mkaguzi wa Kiroho wa Maandishi Yote Yanayoweza Kusomwa. Alikuwa mnene wa heshima, ndevu zimechanwa zikanyooka, kucha safi kama za bibi harusi. Shingoni alivaa msalaba, na kando ya msalaba, kwenye mnyororo wa fedha, ilining'inia kalamu nyekundu. Waumini wenye haraka wakati mwingine waliibusu kalamu wakidhani ni msalaba, naye hakuwakataza.

Mji ulikuwa na gazeti moja tu, Mshumaa wa Waumini, na gazeti hilo lilikuwa na mtu mmoja tu, Shemasi Gerasimo: ndiye aliyeliandika, ndiye aliyelichapa, ndiye aliyelaumiwa. Kila Ijumaa alileta karatasi za majaribio za toleo la Jumapili nyumbani kwa padri, akasimama mlangoni kofia mkononi, huku padri akisoma na kukata.

Mkono wa Padri Evlampi ulikuwa mwepesi. Mfano wa ngamia na tundu la sindano aliukata, kwa kuwa mambo ya kupenyeza mizigo yako chini ya Idara ya Forodha. Mahubiri juu ya kuwalisha wenye njaa aliyakata, kwa kuwa yalimaanisha kwamba kuna wenye njaa. Habari ya Pasaka aliirudisha kwanza, akitaka kujua lile jiwe la kaburi liliondolewa kwa kibali cha nani. Hata ile methali ya mficha maradhi, kwamba kilio humfichua, aliifuta katika makala tatu tofauti, akaandika pembeni kwa mwandiko mzuri: mficha maradhi hupandishwa cheo. Na hili, lazima tukiri, lilikuwa kweli.

* * *

Sasa, katika dola ile kulikuwa na amri moja ya hekima sana. Gazeti likikatwa, halikuruhusiwa kuacha pengo jeupe. Pengo, walisema wakubwa, humfanya msomaji afikiri, na msomaji akishaanza kufikiri hujui ataishia wapi. Kwa hiyo kila pengo lilipaswa kujazwa, na kitu cha kulijazia kilitolewa bure na serikali: Kitabu cha Sala za Viungo vya Kaisari.

Zilikuwemo humo sala za kila kiungo na kila kimo. Kwa pengo dogo palikuwa na Sala ya Goti. Kwa pengo la kadiri palikuwa na Sala ya Nyonga, na ile ya Ini, ambayo ilikuwa na kiitikio. Shemasi Gerasimo alikuwa amezipanga zote kwa herufi za risasi, kila sala imefungwa uzi, zimekaa rafuni kuanzia ndogo hadi kubwa. Padri akikata, yeye anapima pengo kwa macho, ananyoosha mkono, anachukua kiungo kinachotosha, anakipachika.

Amri yenyewe ilikuwa siri. Ilipoletwa kwanza ili ichapishwe, Kamati iliikata, na mahali pake ikawekwa Sala ya Bega.

Matokeo yake waliyaona watu wote isipokuwa Kamati. Wananchi wa Zabolo, kwa kukosa habari nyingine yoyote, walianza kuzisoma sala kama habari. Soko lilipoungua, wao kwenye gazeti walisoma kwamba Kaisari anaombewa nyonga. Walipandishiwa kodi ya kuni, wakasoma juu ya ini. Mwaka wa vita ilikuwa hali mbaya kupita kiasi: leo kibofu, kesho wengu, Jumapili ya tatu masikio yote mawili. Wakakubaliana, kwa sauti ya chini, kwamba Mtukufu Kaisari ni mgonjwa wa siku nyingi, maskini, na kwamba anatawala kwa tabu. Kuuliza hawakuweza. Kumuulizia Kaisari hali yake ni kudhani kwamba anaweza kuugua, na kudhani hivyo ilikuwa miaka kadhaa ya kuchimba chumvi.

Kaisari mwenyewe, kwa taarifa ya msomaji, alikuwa na afya ya fahali na alikuwa akiwinda dubu.

Aliyemhurumia kuliko wote alikuwa Mama Padri, Glafira, mke wa Evlampi. Hawakujaliwa watoto, na huruma yote ambayo ingegawiwa kwa watoto ilimwangukia mtu mmoja katika ikulu ya mbali. Glafira alisoma sala za Mshumaa kama mama anavyosikiliza kikohozi chumba cha pili. Aliposoma ya goti, alifuma kifuniko cha goti cha sufu. Aliposoma ya nyonga, alifuma mkanda mpana wa kiunoni. Vyote alivituma ikulu kwa posta, na posta, kama ilivyo kawaida ya posta, ilivivaa.

Padri Evlampi alimwona mkewe akifuma miaka yote hiyo, na hakuuliza hata siku moja anamfumia nani. Alikuwa mtu wa kukagua maandishi, si sufu.

* * *

Basi ikaja majira ya theluji kuyeyuka. Juu ya mji palikuwa na kambi ya askari wa Kaisari, na nyuma ya kambi palikuwa na vyoo vya askari wa Kaisari. Chini ya kilima palikuwa na kisima cha Mtakatifu Pafnuti, ambacho maji yake yaliponya, kwa mujibu wa ubao uliopigiliwa pale, maradhi yote isipokuwa ukaidi. Theluji ilipoyeyuka, vyoo vilishuka kumzuru mtakatifu.

Mtaa wa wasokota kamba ndio ulioanza kuzika. Shemasi Gerasimo alikwenda kuwazika, akarudi, akakaa na kuandika. Aliandika ukurasa mzima. Alisema maji ya kisima yameingiwa na uchafu wa kambi, kwamba ugonjwa uliopo ni kipindupindu, kwamba watu wasinywe hapo, na anayekunywa maji yoyote ayachemshe kwanza. Akaupeleka kwa padri Ijumaa, na siku hiyo hakusimama mlangoni. Alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa.

Padri Evlampi alisoma hadi mwisho. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomfanya afae kazi yake. Alielewa kila neno, akaingiwa na hofu. Kisha akashika kalamu, maana hofu ni kitu kimoja na utaratibu ni kitu kingine.

Alieleza kwa upole. Kwamba maji ya kisima ni machafu, hilo haliwezekani, kwa kuwa ni matakatifu, akakata. Kwamba kambi ina vyoo, hiyo ni siri ya jeshi, adui akijua askari wanajisaidia wapi atajua wako wangapi, akakata. Kwamba kuna kipindupindu, hilo linapingana na waraka wa mwaka juzi uliotangaza kwamba kipindupindu kimekoma katika dola yote kuanzia tarehe ya kutiwa sahihi, akakata. Ilibaki sentensi moja, ya kuchemsha maji, na Gerasimo akaiwekea kidole akaomba iachwe. Ni mambo ya jikoni tu, alisema, hata Kaisari anachemsha chai.

"Shemasi," padri akasema, "wewe unawaambia watu wote wa mji wafanye jambo moja, wakati mmoja, bila kuamriwa na serikali. Unajua hilo linaitwaje? Linaitwa maandamano."

Akakata.

Gerasimo alibaki anautazama ule ukurasa mwekundu. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, ajaze nini sasa, maana ini halitoshi, na hata ini na nyonga na wengu kwa pamoja hazifiki nusu. Padri alifikiri, akakumbuka kwamba mwisho kabisa wa kitabu iko sala ambayo haijawahi kutumika kwa sababu hakuna mwandishi aliyewahi kuwa na mengi kiasi hicho ya kukatwa. Ikawekwa hiyo.

Jioni ile Padri Evlampi alimwambia mkewe kwamba kuanzia sasa maji ya nyumba hii yachemshwe mpaka birika lipige kelele, yawe ya kunywa, ya kunawa, hata ya mbwa. Glafira aliuliza kuna nini. Akajibiwa kwamba hakuna kitu, ni tumbo tu. Na hapa tumsifu: alikuwa ameapa kwamba jambo lililokatwa halijapata kuwapo, na alitunza kiapo hata mezani kwake, huku akipuliza chai yake ya moto. Hiyo ndiyo faida ya kazi ya ukaguzi. Katika mji usiojua lolote, anajua mtu mmoja, na huyo mmoja anachemsha maji.

* * *

Jumapili gazeti lilitoka, na mji ulilia.

Ukurasa mzima wa kwanza ulikuwa umeshikwa na Sala Kuu ya Uzima wa Kaisari tangu Utosini hadi Nyayoni. Haikuacha kitu. Iliombea fuvu, mboni, fizi, koo, mapafu, iliteremka ubavu mmoja mmoja, ikazunguka figo, ikapitia mahali ambapo waumini waliinamisha macho, ikamalizikia kwenye visigino. Watu walisoma kwa kupokezana, na waliofika kwenye magoti hawakuweza kuendelea. Mtu anayeombewa hivyo amebakiza nini? Wenye maduka walifunga. Wasokota kamba, waliokuwa na misiba yao wenyewe, waliiweka kando kwa aibu.

Glafira alimjia mumewe na gazeti limelowa machozi.

"Baba Padri, kweli amefikia hapo?"

Padri Evlampi alishtuka. Ndipo alipoelewa, kwa mara ya kwanza, vile vifuniko vya goti na mikanda ya sufu ya miaka mingi. Angeweza kumwambia. Ilikuwa sentensi moja: mke wangu, hiyo ni ya kuzibia pengo. Lakini akisema pengo ataulizwa la nini, na akisema la nini atakuwa yeye ndiye mwandishi wa lile alilolikata, na adhabu yake ilikuwa imeandikwa na Kamati, yaani yeye.

"Tumwombee," akasema.

Kabla hajamaliza kusema, akaitwa kwa Gavana Pantelei. Gavana naye alikuwa amesoma. Alikuwa anatembea chumbani akikwaruza medali zake, kwa maana kama Kaisari yu mahututi na mji mkuu haujamwambia, basi wanampima uaminifu. Na kama wanampima, mkoa wake lazima ulie kabla ya mikoa mingine. Hakuthubutu kuuliza kitu. Padri naye hakuthubutu kueleza kitu. Wakazungumza kwa muda mrefu sana juu ya upendo. Mwishowe Gavana aliamua: maandamano matakatifu hadi kisima cha Mtakatifu Pafnuti, mji mzima, kila mtu anywe kikombe kimoja kwa ajili ya Kaisari. Yule padri aliyesema kuchemsha maji ni maandamano alisikia neno lenyewe hasa likitoka kinywani mwa serikali, akaliona zuri.

Alijaribu kidogo, tusimwonee. Alisema labda watu wangeimba tu, bila kunywa, kwa kuwa hali ya hewa ni ya baridi. Gavana akamtazama.

"Baba Evlampi, jina lako limekwenda juu ili upandishwe cheo, uvae kofia ya zambarau. Ungependa niongeze kwamba una wasiwasi na maji ya mtakatifu?"

Padri akasema hana wasiwasi na kitu chochote.

* * *

Wakatoka na mabendera na mishumaa, bendi ya kambi mbele. Gavana alihutubia kandokando ya kisima. Alisema kwamba adui zetu wanasema maji ni maji tu, lakini sisi tunajua kwamba maji ni utii ulioyeyuka. Alisema kila tone litasafiri kwa njia ambazo sayansi haizijui hadi kwenye kiungo linakohitajika. Alipigiwa makofi kwa glavu. Kisha alikunywa mwenyewe, kutoka kwenye chupa yake ndogo ya mfukoni, iliyokwisha kubarikiwa kiwandani.

Padri Evlampi alitangaza kwamba yeye amefunga, hata maji hayapitishi, na watu wakaona jinsi anavyompenda Kaisari. Kazi yake ilikuwa kuchota na kugawa.

Wa kwanza kujongea alikuwa mkewe. Chini ya shali alibeba kitu alichokwisha kukifuma tangu asubuhi ya gazeti bila kulala, vazi la sufu la mwili mzima, tangu utosini hadi nyayoni, na alitaka kulinyunyizia maji yale kabla ya kulituma. Alipokea kikombe kwa mikono miwili. Mikono ya mumewe haikukiachia mara moja. Walishikana kikombe kile wote wawili, na Glafira akainua macho, akadhani ni mapenzi, akatabasamu.

Nyuma yao Gavana alikohoa.

Padri akaachia kikombe. Glafira akanywa hadi chini, akaomba cha pili, kwa ajili ya mapafu.

Tungependa kuandika hapa kwamba alipiga kelele, kwamba alikipiga kikombe kikaanguka. Hakufanya. Alichota kingine, akampa aliyefuata, na mstari ulikuwa mrefu.

* * *

Glafira hakumaliza wiki. Alikufa ameishiwa maji mwilini, akiuliza mpaka mwisho kama kuna habari kutoka ikulu. Mumewe alikaa kando ya kitanda, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alilia bila kuangalia nani anamwona. Alikuwa anampenda, jambo hilo ni kweli, na halimpunguzii lawama.

Kofia ya zambarau iliwasili asubuhi ya mazishi, ndani ya sanduku lenye majani makavu. Akaivaa kaburini, kwa kuwa kutoivaa siku iliyoletwa kungeweza kueleweka vibaya.

Ijumaa Shemasi Gerasimo alikuja. Hakuleta makala safari hii. Alileta tangazo la tanzia tu, mstari mmoja, kwa herufi nyeusi: Glafira, mke wa Padri Evlampi, amefariki kwa kipindupindu, kwa kunywa maji ya kisima cha Mtakatifu Pafnuti. Akaliweka mezani, akakaa.

"Huyu si wangu, Baba Padri," alisema. "Huyu ni wako. Sitakuomba kwa ajili ya wasokota kamba. Acha mstari huu mmoja, watu waache kunywa. Wao wangali wananywa kila siku."

Padri Evlampi aliusoma mstari ule mara nyingi. Nje mtu alikuwa anapita na ndoo, zikigongana. Alijua ndoo zile zinatoka wapi. Alishika kalamu, akaiweka chini, akaishika tena. Kofia mpya ilikuwa inambana kidogo juu ya masikio, kwa kuwa ilishonwa kwa kipimo cha vichwa vya mji mkuu. Akajiambia kwamba Glafira hafufuki kwa mstari wa gazeti. Akajiambia kwamba mtu wa cheo chake hawezi kuwa mjane wa ugonjwa uliokwisha kukomeshwa. Akajiambia mengi, na yote yalikuwa na mantiki.

Kisha akakata, kuanzia baada ya neno "amefariki".

Gerasimo aliichukua karatasi. Alipima pengo kwa macho, na alipofika kwenye chumba chake cha uchapaji alinyoosha mkono rafuni. Pengo lilikuwa dogo mno hata kwa goti. Ilitosha sala moja tu, ndogo kuliko zote, ambayo uzi wake ulikuwa bado mpya. Akaipachika, akachapa, akavua aproni, akaondoka mjini kwa miguu bila kuaga.

* * *

Jumapili Padri Evlampi aliamshwa na kengele. Akasikia sauti za watu wengi barabarani, akajua wamekuja kumpa pole, akavaa kofia akatoka barazani. Kweli walikuwa wengi, wamejaa mpaka kwenye kona. Lakini walikuwa wamevaa nguo za sikukuu, na walikuwa wanaimba.

Mbele yao alikuwa jirani yake, Mama Feodosia, muuza maziwa, amebeba mjukuu mchanga mgongoni na gazeti mkononi. Akapanda ngazi, akainama, akabusu kalamu.

"Baba Padri, pole sana na msiba. Lakini umesoma?" Akamwonyesha kwa kidole, chini ya jina la marehemu. "Jumapili ile alikuwa anaombewa mwili mzima, kichwa mpaka miguu. Leo soma mwenyewe: ukucha. Ukucha wa kidole kidogo cha mguu wa kushoto! Amepona, Baba. Maji yamemponya. Na Mama Padri, Mungu amrehemu, yeye ndiye aliyekunywa wa kwanza."

Alisema wanakwenda kisimani kushukuru, mji mzima, na safari hii hata vichanga watapewa, ili na ule ukucha nao upone. Walikuwa wamepita tu kuomba baraka.

Padri Evlampi alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamekaa tayari nyuma ya meno, na hayakuzidi mstari mmoja. Lakini kusema jambo lililokatwa kulihitaji kibali cha Kamati, na Kamati ilikuwa kwenye likizo ya msiba.

Akainua mkono, akawabariki. Wakamshukuru, wakageuka kuelekea kilimani, kila mtu na kikombe chake.